Sijawahi kushika raketi, hiki kiwiko cha tenisi kimetoka wapi?

SWALI: Mimi ni fundi rangi. Miezi miwili sasa kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje, hata kikombe cha chai nikikinyanyua naona kama kinataka kuniponyoka. Hospitali wakasema ni kiwiko cha tenisi. Jamani, tenisi mi naionaga kwenye tivii tu! Halafu eksirei ikatoka safi kabisa, sasa naumwa nini?

JIBU: Pole fundi. Hilo jina limebaki tu tangu miaka ya 1880 huko Uingereza walipouona ugonjwa huu kwa wacheza tenisi, ila wengi wanaougua hawajui hata raketi inashikwaje, ni wapaka rangi, maseremala, mafundi bomba, wapishi, na wanaoshinda wameshika mausi ya kompyuta, hasa wa miaka 30 hadi 50 na kitu.

Tena shida haiko kwenye kiwiko chenyewe. Misuli inayoinua kiganja juu imejishikiza kwa kano, yaani ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa, kwenye kile kifupa cha nje ya kiwiko, na kila ukikamata kitu kwa nguvu ndiyo inayokaza kifundo cha mkono kisilegee, sasa wewe unakamata brashi kutwa nzima, kano inachanika kidogo kidogo na kabla haijapona kesho yake unaichosha tena. Eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani, ndo maana ikatoka safi.

Kawaida huanza taratibu, ukibonyeza kale kafupa unaruka, maumivu yanashuka mpaka karibu na kifundo, na kukamua nguo au kuzungusha kitasa inakuwa kazi. Yakiwa upande wa ndani hicho ni kiwiko cha gofu. Vidole vikifa ganzi, au kiwiko kikivimba na kuwa cha moto, rudi hospitali, hiyo ni habari nyingine.

Wengi wanapona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inatuliza haraka ila mara nyingi maumivu yanarudi, mi nisingeikimbilia. Muone mtu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya kushusha kitu chepesi polepole kwa kifundo cha mkono. Ndoo ya rangi ibebe kiganja kikiangalia juu au mbele, sio chini, na huo mpini wa brashi kama ni mwembamba uviringishie kitambaa unenepe, usiukabe sana.