Barua zenu: Waliopoteza mechi 42

BARUA YA KWANZA

Kaka, asalamu alaikum. Mwanangu ana miaka 16, tunakaa Kisauni, Mombasa. Yeye na wenzake wanne wana timu ya Call of Duty ya simu, wanacheza mashindano ya mtaa. Tangu Ramadhani iishe hawajashinda hata mechi moja. Ya tisa wameipoteza Jumamosi. Sasa wameongeza mazoezi mpaka saa nane usiku, na asubuhi shule inamngoja. Nikimgombeza ananijibu: "Mama, Shanghai Dragons walipoteza mechi 40 na mwisho wakawa mabingwa." Hiyo timu ilikuwepo kweli? Na kama ilikuwepo, nimwache akeshe?
Mama mzazi, Mombasa

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Timu ilikuwepo, na mwanao amehesabu pungufu. Walipoteza 42.

Nilizifuatilia nyingi kwa macho yangu. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha gemu pale Ngamiani, Tanga: PlayStation mbili na kompyuta moja niliyoipenda kuliko kitanda changu. Januari 2018 ilipoanza Ligi ya Overwatch, gemu ya kompyuta ambayo timu mbili zinapigana, timu zilikuwa 12, kila moja na jina la mji wake: London, Seoul, Boston, Dallas, Shanghai na kadhalika. Lakini msimu wa kawaida wote ulichezwa katika ukumbi mmoja, Burbank, California. Jioni ya kule ni alfajiri ya kwetu. Mechi ya kwanza ya Dragons, dhidi ya Los Angeles Gladiators, ilianza adhana ya alfajiri ikikaribia. Nilikuwa nimeshusha picha mpaka kiwango cha chini kabisa ili bando lisiishe. Walipigwa 4–0. Nikasema moyoni, ni mechi ya kwanza, watazoea.

Hawakuzoea. Msimu ule kila timu ilicheza mechi 40, na Dragons walipoteza zote 40. Mwaka uliofuata wakapoteza mbili za mwanzo. Tarehe 22 Februari 2019 ndipo walipoifunga Boston Uprising 3–1, na ukumbi mzima ukainuka, hadi watu waliovaa jezi za timu nyingine. Mimi nililia, dada, na sioni haya kusema.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mwanao hajakwambia, labda kwa kuwa naye hajaambiwa. Walipoanza kupoteza, Dragons walifanya hivyo hivyo wanavyofanya vijana wako: waliongeza saa. Habari zilizotoka wakati ule zilisema walikuwa wanafanya mazoezi saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Saa 72! Na msimu ule hawakupata ushindi hata mmoja. Kijana aliyechoka anarudia kosa lile lile mara mia, na kosa lililorudiwa mara mia linakuwa tabia ya mkono.

Tatizo lao lilikuwa kwingine. Overwatch ya wakati ule ilichezwa na watu sita kila upande, kwa kawaida wawili wa kukinga mbele, wawili wa kushambulia, wawili wa kuwatibu wenzao. Mambo yanaamuliwa kwa sauti, ndani ya sekunde moja: nani ajitokeze, nani arudi nyuma, yupi apigwe kwanza. Walianza na kikosi cha Wachina watupu. Walipoona mambo mabaya, wakasajili Wakorea katikati ya msimu. Kwa mkono wa mtu mmoja mmoja walikuwa bora zaidi. Ila Mkorea akipiga kelele "rudi" kwa Kikorea, Mchina hajui kama anaambiwa arudi au asonge. Mkalimani anafaa kwenye kikao. Katikati ya mapigano hana nafasi. Kocha naye alibadilishwa msimu ukiwa bado unaendelea. Nani angeshinda hivyo?

Katika Wakorea hao alikuwemo binti, Kim Se-yeon, anayejulikana kwa jina la kuchezea Geguri. Nitamtaja kwa kirefu kidogo kwa sababu nina binti. Mwaka 2016, akiwa bado msichana wa shule, alilenga shabaha vizuri mno hata wachezaji wa timu pinzani wakamtuhumu kuwa anadanganya, anatumia programu ya kumlengea shabaha. Akaingia studio, akakaa mbele ya kamera, mikono na kioo cha kompyuta vikionekana, akacheza vile vile. Wawili kati ya waliomtuhumu wakajiondoa kwenye mashindano. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika ligi ile, na timu iliyomchukua ndiyo hiyo iliyokuwa inaburuza mkia. Aliingia uwanjani akapoteza pamoja nao, na mwaka 2019 alikuwa bado yupo siku ile walipoifunga Boston.

Baada ya msimu wa kwanza uongozi uliachana na wachezaji wengi na kuanza kujenga upya. Msimu uligawanywa kwa hatua, na katikati ya 2019 Dragons wakatwaa hatua ya tatu, wakiwashinda San Francisco Shock 4–3 kwenye fainali yake. Mwaka 2020 mchezaji wao Fleta akachaguliwa bora wa ligi nzima. Na Septemba 2021 wakaipiga Atlanta Reign 4–0 katika fainali. Timu iliyokuwa haina hata ushindi mmoja ikawa bingwa ndani ya miaka mitatu.

Kwa hiyo mwanao hakudanganya. Lakini muulize swali hili: katika kikosi kilichobeba kombe 2021, wangapi walikuwepo 2018? Jibu ni sifuri. Jina lilibaki, joka lilibaki kifuani, watu walibadilika wote. Kocha alikuwa Mkorea, kikosi cha kwanza kilikuwa cha Wakorea, na sasa kila neno lililosemwa mle ndani lilieleweka mara moja. Huko Shanghai wengine walinung'unika kwamba timu ya mji haina mtoto wa mji. Mimi sikuona kosa. Simba na Yanga nazo zinasajili kutoka Kinshasa hadi Abidjan na bado tunaziita zetu.

Mmoja wa wale wa 2018, Lee Eui-seok aitwaye Fearless, alipata haki yake kwingine. Alikwenda Dallas Fuel, na mwaka 2022 Dallas wakawa mabingwa kwa 4–3 dhidi ya San Francisco. Mikono ni ile ile iliyopoteza ikiwa Shanghai. Kilichobadilika ni waliomzunguka.

Basi usimwache akeshe, dada. Mwambie nimesema mimi, kama hilo litapunguza ugomvi nyumbani. Saa mbili baada ya Isha zinatosha, kisha simu ilale. Na katika hizo saa mbili, saa moja wasicheze kabisa. Wakae watano kwenye baraza moja, warudie kuangalia mechi waliyopoteza Jumamosi, kila mmoja aseme alikuwa wapi walipovunjwa na alimwambia nani. Halafu wakubaliane maneno machache, yale yale kila siku. Wakigundua kwamba mmoja wao amewekwa nafasi isiyo yake, wabadilishane. Nilifanya hivyo na vijana wa kibandani kwangu, na kelele za kulaumiana zilipungua ndani ya wiki, hata kabla hawajashinda chochote.

Wakipoteza ya kumi, usimcheke wala usimnyang'anye simu. Niandikie tena.

BARUA YA PILI

Mjomba, nimesoma kwamba wachezaji wa ligi hiyo walilipwa mshahara. Mimi ni mkali wa Overwatch, nina miaka 17, nipo Morogoro. Nawezaje kujiunga?
Kijana wa Morogoro

JIBU

Mwanangu, umechelewa, na si kosa lako. Ni kweli walilipwa: mshahara wa chini ulitangazwa kuwa dola 50,000 kwa mwaka, pamoja na bima ya afya na nyumba ya kuishi, na umri wa kuanzia ulikuwa miaka 18. Lakini ligi imekwisha. Wenye timu walitajwa kulipia takribani dola milioni 20 kwa kila nafasi ya timu katika ligi, wakitarajia mashabiki wajaze kumbi katika miji yao. Mwaka 2020 ndio mechi za nyumbani na ugenini zilikuwa zianze sawasawa, korona ikazifuta. Fainali ya mwisho ilichezwa Toronto mwaka 2023, Florida Mayhem wakachukua kombe, kisha timu zikapewa dola milioni 6 kila moja zikaondoka.

Overwatch yenyewe bado inachezwa na mashindano yapo, ila si ya miji tena. Kabla hujaota mshahara, pima kwanza pingi yako, yaani muda ambao amri yako inachukua kwenda na kurudi, kutoka hapo Morogoro mpaka seva (kompyuta kuu ya mchezo) ya Ulaya, uniletee namba. Mwaka 2021 timu za Marekani zilisafirishwa mpaka Hawaii ili tu ziwe karibu zaidi na seva za Asia. Ukiniletea namba hiyo, tutajua tuanzie wapi.