Vidole vya fundi saruji mbele ya mashine ya viza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kugoma kutoa alama za vidole ukienda Ulaya. Kugoma ruksa, ila ujue hupati viza. Mimi yangu yalikuwa mengine: nilitaka kutoa, sikuwa na cha kutoa.

Mimi fundi plasta, miaka 19 mikono ndani ya saruji. Nilipoomba viza nikamwone dada yangu Ujerumani, niliweka vidole vinne juu ya kioo, mashine kimya. Binti wa kaunta akavifuta, akavipaka losheni, akavikandamiza yeye mwenyewe hadi kucha zikauma. Wapi! Foleni nyuma ikaanza kuguna, nami natoka jasho kama mwizi. Mwisho akaniambia, "Kaka, urudi zikishaota." Nikarudi nyumbani, nauli imekwenda bure.

Kumbe kanuni zao wenyewe za viza hazisemi hivyo. Ambaye vidole vyake havisomeki kabisa anasamehewa. Vikisomeka vichache, vinachukuliwa hivyo hivyo. Tatizo likiwa la muda, utavitoa utakapoomba tena siku nyingine. (Watoto chini ya miaka 12 hawaguswi.) Nikarudi na maneno hayo, kwa upole, akaitwa mkubwa wao, wakachukua vidole vitatu, kazi ikaisha. Nilikuwa pia nimekaa wiki nzima bila kugusa saruji, usiku napaka mafuta ya mgando. Fanya hivyo.

Mpakani nako, tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya badala ya kugonga muhuri. Sisi wenye viza tunapigwa picha ya uso, maana vidole wanavyo tayari; wasiohitaji viza ndio wanaotoa vidole vinne. Kumbukumbu za mfumo huo kwa kawaida zinakaa miaka mitatu, na polisi wanaochunguza ugaidi au makosa makubwa wanaruhusiwa kuzipekua. Hapo ndipo panaponikera. Nimekwenda kula ugali kwa dada, nimeingia kwenye daftari la polisi! Una haki kisheria kuwaandikia waseme wana nini juu yako na warekebishe palipokosewa, lakini kaunta hakuna aliyenitajia hilo.

Nilipotua, nikaambiwa niweke vidole walinganishe na vile vya viza, vikagoma tena. Askari akanitazama, akatazama picha, akaniuliza kazi yangu. Nikamwonyesha viganja tu. Akacheka, akanipitisha.