Maswali na majibu: waya wa mashine za njia tatu

Shikamoo mwalimu. Nina mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 7.5. Toka kwenye mita hadi kibandani ni mita 60. Muuza duka amenipa waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5), anasema unatosha. (Katoro)

Marahaba. Mkondo utaubeba, umbali ndio utakaokusumbua. Mota hiyo kwa volti 400 hula kama ampea 15. Waya wa shaba wa 2.5 hupoteza takriban milivolti 15 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha 15 kwa 15 kwa 60, unapata milivolti 13,500, yaani volti 13.5 zinazopotelea njiani. Mashine ikishazunguka huenda usione tatizo. Lakini mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita hivi ya ule wa kawaida, na upotevu nao unapanda. Volti zikishuka kwa robo, nguvu ya kuanzia inabaki kidogo tu zaidi ya nusu. Kinu kikiwa na mahindi ndani, mota itaunguruma bila kuzunguka huku koili (nyaya zilizosukwa ndani yake) zikiungua. Kuzisuka upya ni ghali kuliko waya mnene. Chukua wa 6: upotevu unashuka hadi volti 6 hivi. Tena usiwashe kabla kinu hakijawa kitupu.

Breka (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 32 ya randa yangu inakata kila mara. Waya ni wa 4. Fundi anataka kuweka breka ya 63. (Mafinga)

Usikubali hata kidogo! Breka inalinda waya, na waya wa 4 ndani ya bomba hauvuki sana ampea 28, hivyo hata hiyo ya 32 tayari ni kubwa kidogo. Ukiweka 63, waya utachemka kimya kimya katikati ya vumbi la mbao, na breka haitashtuka.

Angalia inakata lini. Kama ni wakati wa kuwasha tu, soma herufi iliyo mbele ya namba: B hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba hiyo, C mara 5 hadi 10. Mota inataka C, au D ikiwa nzito kuanza. Kama inakata baada ya dakika kadhaa za kazi, pima mkondo wa kila fezi (kila moja ya nyaya tatu za moto). Visu butu, beringi mbovu au fezi moja iliyokatika vyote huleta hali hiyo.

Mota haitumii nyutro (waya wa kurudisha umeme). Basi ninunue kebo ya kore tatu, yaani yenye nyaya tatu ndani? (Tanga)

Nyutro iache, waya wa ardhi hapana. Koili ikivuja, bodi nzima ya chuma inakuwa na umeme, na anayeishika ni kijana wako wa kazi. Kore nne, moja ya kijani na njano.

Karakana ina nyaya za zamani nyekundu, njano na bluu. Kebo mpya ina kahawia, nyeusi na kijivu. Naunganishaje? (Morogoro)

Hapa watu hupoteza maisha. Nyeusi ya zamani ilikuwa nyutro, sasa ni fezi. Bluu ilikuwa fezi, sasa ni nyutro. Usiamini rangi: pima kila waya, kisha zima umeme, funga utepe wa rangi mpya kwenye ncha za nyaya za zamani, na uandike kwenye mlango wa boksi kwamba humo mna rangi za aina mbili. Msumeno ukizunguka kinyume, zima tena na ubadilishane fezi mbili zozote.