Paipu ikijaa, programu mbili hungojeana

Nilipoteza siku mbili kwa sababu ya paipu moja, yaani njia inayopitisha data kutoka programu moja hadi nyingine. Nilikuwa na mahojiano ya video niliyotaka kuyapunguza ukubwa, nikaandika skripti ya Python ya kuita ffmpeg, programu ya kubadilisha video, kwa kila faili. Vipande vifupi vilipita vizuri. Ikifika zamu ya rekodi ya saa nzima, kazi inaanza, inakwenda dakika kadhaa, kisha kimya. Hakuna ujumbe wa kosa, na prosesa imepoa kabisa. Nililaumu faili, nikalaumu diski, nikawasha kompyuta upya.

Kosa lilikuwa langu, kwenye mistari miwili tu. Nilianzisha ffmpeg kwa Popen (amri ya Python ya kuanzisha programu nyingine) nikaweka stderr=PIPE, yaani maelezo na makosa yake yapite kwenye paipu, halafu nikaita wait() ili kungoja imalize, nia yangu ikiwa kusoma maelezo yake ikishamaliza.

Doug McIlroy wa Bell Labs, aliyependekeza wazo la paipu mwaka 1964, alifananisha kuunganisha programu na kuunganisha mipira ya kumwagilia bustani; Ken Thompson akaliingiza kwenye mfumo wa uendeshaji wa Unix mwaka 1973. Mfano huo ndio ulionifumbua macho, kwa sababu mpira una ujazo wake. Kwenye Linux, paipu kwa kawaida hubeba baiti 65,536. ffmpeg huandika hatua iliyofikia kwenye stderr muda wote wa kazi. Nafasi ikijaa na hakuna anayesoma, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) humsimamisha anayeandika palepale. Basi ffmpeg ikangoja skripti isome, na skripti ikangoja ffmpeg imalize. Faili fupi lilikwisha kabla mpira haujajaa.

Ushahidi niliupata kwa strace -p, chombo kinachoonyesha programu inaiomba kerneli nini: ffmpeg ilikuwa imekwama kwenye write(2, na namba 2 ndiyo stderr. Ningeanzia hapo ningeokoa siku nzima. Programu ikiganda huku prosesa imetulia, anzia hapo.

Kwa hiyo, kabla hujafungua paipu, amua nani ataisoma na lini. Kama maelezo huyahitaji, yapeleke DEVNULL, shimo linalomeza kila kitu (na stdin, njia ya kuingizia data, iunganishe huko pia, maana ffmpeg husikiliza kibodi). Kama unayahitaji, tumia communicate(), ambayo husoma stdout (njia ya matokeo) na stderr kwa pamoja huku ikingoja, au subprocess.run yenye capture_output=True. Zote mbili huweka kila kitu kwenye memori, hivyo matokeo ya mamia ya megabaiti ni afadhali yaende kwenye faili.

Mazungumzo ya pande mbili yana mtego wake. Programu ikiandika kwenye terminali, kwa kawaida hutoa kila mstari unapokwisha. Ikiandika kwenye paipu, hukusanya kwanza maelfu ya baiti. Unadhani umeshatuma swali, kumbe bado liko mkononi mwako. Weka flush=True kwenye print ili itume papo hapo, pande zote mbili. Programu ya pili ikiwa ni ya Python na huna ruhusa ya kuibadilisha, iendeshe kwa python -u, isikusanye kwanza.

Kwa sort, programu ya kupanga mistari, hata hilo halitoshi. Haitoi mstari wowote mpaka ijue kwamba data imekwisha, na kwenye paipu hujua hivyo pale tu upande wa kuandikia unapofungwa. Ita proc.stdin.close() kabla ya kusoma. Na kama uliita os.fork(), inayozaa nakala ya programu yako (mtoto), baada ya kufungua paipu, yule mtoto naye ameshika nakala ya upande huo. Asipoufunga, sort itaendelea kungoja.