Somo wako, Eliza

Mwanangu Eliza,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma. Unauliza somo wako ni Elizabeti yupi, mama yake Yohana Mbatizaji au yule wa Hungaria, kwa sababu jumuiya yenu inataka kukufanyia sherehe kabla hujasafiri kwenda masomoni. Ni wa Hungaria, tarehe 17 Novemba. Bibi yako ndiye aliyelichagua jina. Alikuwa wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, yaani walei wanaofuata njia yake, na Elizabeti ndiye msimamizi wao. Picha yake unaikumbuka, ile iliyoning'inia juu ya mtungi.

Kwenye picha amekunja joho limejaa mawaridi. Bibi aliisimulia kila tulipokoboa mahindi: Elizabeti anawapelekea maskini mikate, mumewe anamkuta njiani, anamwambia afunue, na mikate imekuwa mawaridi. Mimi nimesema tangu usichana wangu na nasema tena, maskini hali waridi. Alipofariki, wajakazi wake wanne walihojiwa wakaeleza mengi, lakini mawaridi hawakuyataja. Walichokiona ni chakula. Mwaka 1226 njaa iliingia Thuringia, huko Ujerumani, wakati mumewe Ludwig, mtawala wa nchi hiyo, yuko Italia kwa Kaisari. Elizabeti, binti wa mfalme, hajafika hata miaka 20, akafungua ghala na kuwagawia watu nafaka, na chini ya ngome yao ya Wartburg akaweka nyumba ya wagonjwa. Ludwig aliporudi, wasimamizi wa mali walimlalamikia, naye akasimama upande wa mkewe. Huyo alikuwa mume. Baba yako naye alikuwa hivyo.

Septemba 1227 Ludwig akafa kwa homa huko Otranto, akiwa njiani kwenda vitani Nchi Takatifu. Gertrud, mtoto wao wa tatu, alizaliwa mwezi huohuo, baba yake hakumwona. Haukupita muda Elizabeti akawa nje ya ngome. Wanaoandika habari zake hawakubaliani: wengine wanasema mashemeji walimfukuza, wengine wanasema aliondoka mwenyewe, kwa kuwa alikataa kula chochote kilichotokana na kuwadhulumu watu, na mali ya ujane wake ilikuwa imezuiwa.

Eliza, mimi swali hilo silielewi. Siku ya kuanua tanga la baba yako, ndugu zake walikaa chini ya mwembe wakahesabu: cherehani, baiskeli, mabati. Hakuna aliyeniambia toka. Mmoja wao, kwa upole kabisa, aliniuliza kama nimeshawaza nitakaa wapi. Nikakufunga mgongoni usiku ule ule, nikaenda kwa bibi yako. Je, nilifukuzwa au niliondoka? Miaka yote hii najibu hivi leo na vile kesho. Elizabeti usiku wake aliingia kanisani kwa Wafransisko wa Eisenach, akawaomba waimbe Tedeum kumshukuru Mungu. Mimi sikuimba. Nilihesabu vifungo vya gauni lako mpaka kukapambazuka.

Mambo ya baadaye unayajua. Nikakuacha kwa bibi, una miaka minne, nikaenda mjini kushona kwenye cherehani ya mtu mpaka ninunue yangu. Miaka miwili. Niliporudi ulijificha nyuma ya khanga ya bibi, ukaniambia, "Shikamoo, shangazi." Kila mtu alicheka. Mimi nilitoka nje kana kwamba nafuata kuni.

Kwa hiyo kuna mahali ninapogombana na somo wako. Wajakazi wanasema alimwomba Mungu amwondolee mapenzi makubwa mno kwa watoto wake, awapende kama jirani mwingine yeyote. Gertrud alipelekwa kwa watawa wa Altenberg akiwa bado mdogo sana. Nami najijibu mwenyewe: huyo alikuwa ameshanyang'anywa kila kitu, pengine alitoa kabla hajanyang'anywa tena. Halafu namwangalia yule padre aliyemwongoza kiroho, Konrad, aliyempiga na kuwafukuza marafiki aliokua nao, nasema hapana, haya yalimtoka Konrad. Halafu naikumbuka hospitali aliyoijenga Marburg mwaka 1228 kwa fedha za ujane wake, na kwamba aliwaosha wenye vidonda kwa mikono yake mpaka alipokufa mwaka 1231, ana miaka 24, na nanyamaza. Mkate ulikuwa mkate, na watu walikula. Gertrud naye alikua, akawa mama mkuu wa watawa hukohuko Altenberg. Kama aliwahi kumwita mama yake shangazi, hakuna aliyeandika.

Kuhusu kumwacha mtoto kwangu ukienda masomoni, hukuniuliza, kwa hiyo sijibu. Ningekuwa na la kusema, lakini sijibu. Kitanda kile kidogo nimekitoa juani na chandarua nimeshafua. Ukija, njoo naye kabla ya tarehe 17, nataka azoee sauti yangu wewe ukiwepo.

Mama yako.