Mwaprikoti Tanga mjini hautoi maua

Ndugu, mwaprikoti wako wa miaka minne umejaa majani bila ua, nawe unauliza uongeze mbolea gani. Si mbolea. Mti huo hudai baridi: hata aina zisizodai baridi nyingi huhitaji saa 250 au zaidi chini ya nyuzi 7, na Tanga mjini hata usiku wa Julai haufiki huko. Kama una kipande Lushoto milimani, jaribu kule, ingawa hata huko baridi huenda isitoshe.

Kwa hapo Tanga, mlokwati (mti wa matunda madogo ya njano) una unafuu, ingawa joto la pwani hupunguza uzaaji. Nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Wa mbegu huweza kukungojesha miaka 8 kabla ya kuzaa. Shimo sentimita 60 kila upande, debe la samadi iliyooza, mbali na upepo wa chumvi. Matunda yavike mifuko ya karatasi mapema, nzi wa matunda hawasubiri yaive. Matawi yakikauka kuanzia nchani, mwite afisa ugani kabla hujapuliza dawa.