Jiko la gesi na sufuria ya kupikia bia nyumbani: anza na sufuria

Mkuu, umeuliza ununue ile seti ya jiko la nje lenye namba kubwa ya BTU (kipimo cha nguvu ya moto) na sufuria yake ya lita 30, au ununue kimoja kimoja, kwa kuwa jiko la ndani limeshindwa kuchemsha bia ya lita 20. Mimi ningenunua kimoja kimoja, na sufuria ingetangulia. Jiko linachaguliwa kufuata sufuria. Ukigeuza mpangilio huo, utaishia na moto mkubwa unaopasha hewa.

Lita 30 ni kidogo. Ili upate lita 20 za kuweka chachu, unaanza kuchemsha na lita 25 hivi, maana saa moja ya kuchemka nje inaondoka na lita 3 mpaka 4 za mvuke, na machicha ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, nayo yanabaki na sehemu yao chini. Sasa ngoja maji ya kimea yakaribie kuchemka. Juu kunatanda povu zito la rangi ya kahawia hafifu, lile la protini. Linatulia kidogo kama halina nia mbaya, halafu linapanda lote kwa mkupuo. Kwenye sufuria ya lita 30 lina vidole vichache tu vya kupandia, kisha linamwagika kwenye moto, na sukari ile ikiungulia kwenye chuma cha jiko utakwangua mpaka uchoke. Chukua ya lita 40. Kufunika siyo suluhisho: mvuke unatakiwa uondoke na ile harufu ya mahindi ya kuchemsha, hasa ukitumia kimea cheupe cha pilsner.

Alumini au stenlesi? Watu wanagombana bure. Alumini ni nyepesi, ni rahisi kununua na inasambaza joto vizuri zaidi kuliko stenlesi. Ikiwa mpya, ichemshe kwanza na maji matupu mpaka ndani ipate ule utando wa kijivu uliofifia, kisha usiusugue ukautoa. Adui wake ni magadi makali na sabuni za unga zenye oksijeni, zinaila. Stenlesi unaisafisha kwa karibu chochote na inadumu miaka, ila chukua yenye kitako kinene cha tabaka, kwa sababu kitako chembamba juu ya moto mkali kinaunguza sukari palepale ndimi za moto zinapogusa. Mimi napikia alumini na sioni sababu ya kubadilisha. Za enameli ziache. Zikidondoka rangi, kutu inaingia.

Koki ya chini ni raha, siyo lazima. Ukiweka, hakikisha inafunguka yote vipandevipande kwa ajili ya kuosha, na ndani iwe na bomba fupi linalonyonya karibu na kitako.

Tuje kwenye jiko. Kupandisha lita 25 kutoka nyuzi 20 mpaka 100 kunahitaji joto la kilowati-saa 2.3 hivi. Jiko la kilowati 15, yaani kama BTU 51,000 kwa saa, hata likipoteza nusu ya joto hewani, linakufikisha kwa dakika 20 hivi. Yakishachemka, kugeuza lita 4 kuwa mvuke kwa saa kunadai kilowati 2.5 tu zinazoingia majini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku unahitaji moto mdogo uliotulia, na hapo ndipo majiko ya namba kubwa yanapokwama: ukipunguza yanakohoa na kuzimika, ukiongeza ndimi zinapanda ubavuni na kuyeyusha mpini wa koki. BTU 200,000 ni za mtu mwenye pipa.

Kichwa cha jiko kiwe chembamba kuliko kitako cha sufuria, ili moto usitoke nje. Chenye matundu mengi kinasambaza joto na hakina kelele. Chenye tundu moja kinanguruma kiasi kwamba hamwezi kuongea mkisimama karibu nacho, na joto lote kinalirundika katikati. Sharti lingine ni kisahani cha kurekebisha hewa. Moto ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, fungua hewa zaidi mpaka uwe wa bluu.

Regulata ndiyo inayosahaulika. Ile ya kawaida ya jiko la ndani inatoa presha ndogo, kama milibari 30, wakati majiko mengi ya nje yametengenezwa kwa presha kubwa na regulata ya kuongeza na kupunguza. Hayabadilishani. Nunua jiko, mpira na regulata vinavyooana, kisha kila ukifunga, paka maji ya sabuni kwenye maungio uangalie mapovu. Kwa siku nzima ya kupika, gesi ni kilo moja na kitu, upepo ukiwepo inakaribia mbili. Mtungi mdogo ukivutwa kwa nguvu unapoa mpaka unatoa jasho au barafu nje, presha inashuka na moto unalegea. Usiufunike wala usiupashe. Tumia mtungi mkubwa zaidi, na kwenye baridi epuka gesi yenye butane nyingi, kwani hiyo inakataa kugeuka mvuke kwenye nyuzi sifuri.

Miguu ya jiko iwe mifupi na imetanuka. Sufuria iliyojaa inazidi kilo 25, na ni maji yanayochemka. Stendi ndefu inakusaidia kushusha bia kwa mtiririko, lakini mimi nachagua fupi na mpira wa kunyonyea. Na liwe nje kabisa, siyo gereji yenye mlango wazi: kaboni monoksidi haina harufu, na gesi ya propane iliyovuja ni nzito kuliko hewa, inalala chini ikingoja cheche.

Pima kipenyo cha kitako cha sufuria utakayoipata, urudi na namba hiyo hapa, tukuambie kichwa cha jiko kiwe na upana gani. Jiko lenyewe ukilinunua, liwashe tupu kwanza mpaka rangi yake iungue na moshi uishe.